Siku Nne Chicago kwa Pasi ya Viingilio: Piga Hesabu Kwanza, Lipa Baadaye

Kila ifikapo Mei simu yangu huanza kuita saa za ajabu. Mmoja yuko Dar, mwingine Mombasa, mwingine Iowa au Kentucky, na wote wanakuja Chicago majira ya joto. Tukishamaliza kuulizana hali za watoto, swali huwa lilelile: "Hivi ile pasi ya viingilio, ninunue au niache?" Nimelijibu mara nyingi mpaka mke wangu hulijibu kwa niaba yangu nikiwa bafuni: "Anasema upige hesabu kwanza." Urefu wa jibu hilo ndio huu.

Pasi ni tiketi moja unayolipia mara moja, kisha unaingilia sehemu kadhaa kwa bei nafuu kuliko ungelipia kila mlango. Zipo za namna mbili. Moja huhesabu sehemu: umelipia tano, unaingia tano, siku utakazo ndani ya muda uliowekwa. Nyingine huhesabu siku: umelipia siku mbili, ingia popote uwezapo ndani ya siku hizo. CityPASS ya Chicago ni ya kuhesabu sehemu. Ina sehemu tano: Shedd Aquarium (ya samaki) na Skydeck (mnara wa kutazamia) zimo tayari, tatu unachagua mwenyewe kwenye orodha fupi, na una siku 9 mfululizo tangu unapoitumia mara ya kwanza. Go City, wauzaji wengine wa pasi, wao wana zote mbili: All-Inclusive huhesabu siku, Explorer huhesabu sehemu. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma ukurasa rasmi siku unayonunua, usitegemee picha ya skrini uliyotumiwa na binamu mwaka juzi.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tarehe na saa za ndege, za kufika na za kuondoka.
- Umri wa kila mtoto siku ya safari, sio umri wa leo. Mtoto akitimiza miaka 12 wiki moja kabla ya safari, bei yake huenda imebadilika.
- Kadi inayokubali malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Ukiwa nyumbani, piga simu benki uwaombe wafungue huduma hiyo, au tumia kadi ya Visa ya mtandaoni ya kampuni yako ya simu.
- Barua pepe utakayoweza kuifungua ukiwa Marekani. Wengi hukwama hapa: wakifika, Google inawatumia namba ya uthibitisho kwenye laini iliyobaki nyumbani mezani.
- Simu inayokaa na chaji, na pawabenki.
- Karatasi na kalamu. Ndiyo, karatasi.
- Viatu vilivyokwisha kuzoeana na miguu yako. Viatu vipya vya safari vimeharibu safari nyingi kuliko mvua.

Hatua ya 1: Andika unavyotaka kuviona kabla hujafungua ukurasa wa pasi

Ukianza na ukurasa wa pasi, pasi ndiyo itakayokuchagulia. Utaona picha thelathini zinazong'aa, na kila moja itakuambia uko karibu kuikosa. Kwa hiyo kaa na karatasi, andika vitu ambavyo ungevilipia hata kama pasi isingekuwepo. Nikusaidie na vile ambavyo wageni wangu huvitaja wakisharudi kwao.

Field Museum. Mswahili akifika mji huu bila kuingia hapa, namdai maelezo. Simba wawili wa Tsavo wako humu, walewale waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli mwaka 1898 kwa kuwala wajenzi. John Henry Patterson, aliyewapiga risasi Desemba mwaka huo, aliwageuza mazulia ya sebuleni kwa robo karne, kisha mwaka 1924 akaiuzia makumbusho hii kwa dola 5,000. Kwa sababu ngozi zilishakuwa zulia, zilipokuja kujazwa hazikutosha tena, na simba unaowaona leo ni wadogo kuliko walivyokuwa porini. Hawana manyoya shingoni. Mmoja amesimama, mwenzake amejiinamisha, nyuma ya kioo. Nilimpeleka mzee mmoja wa Kitaita aliyekulia kwenye hadithi zao. Alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo, akakaa kimya, kisha akauliza, "Ndio hawa?" Patterson aliwahi kudai walikula watu 135. Uchunguzi wa mifupa na manyoya yao, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kama 35. Mzee alipoambiwa hivyo alisema 35 wanatosha.

Humohumo jengoni yumo SUE, mifupa ya Tyrannosaurus rex iliyopatikana South Dakota mwaka 1990, na tembo wawili wanaopigana waliotoka Kenya, kazi ya Carl Akeley, fundi wa kujaza ngozi za wanyama. Usiwapite mbio kwenda kwa dinosaria.

Skydeck iko ghorofa ya 103 ya Willis Tower, mita 412 kutoka chini. Kuna visanduku vya kioo vilivyochomoza nje ya ukuta, sakafu yake nayo kioo, na magari chini yanaonekana kama njugu. Shangazi yangu alifika hadi kizingitini, akatazama chini, akarudi nyuma hatua tatu: "Mimi sikulipa kusimama hewani." Alikuwa na haki yake, japo kwa kweli alikuwa amelipa.

Shedd Aquarium ni ya samaki na viumbe wa majini, imefunguliwa tangu 1930, na watoto huipenda kuliko kitu kingine chochote. Art Institute ni ya sanaa; ndipo ilipo picha ya yule mkulima aliyeshika uma wa nyasi akiwa na mwanamke pembeni, ambayo umeiona imechezewa mitandaoni mara elfu. Griffin Museum of Science and Industry, kusini mwa mji, ina nyambizi nzima ya Wajerumani, U-505, iliyotekwa na Wamarekani tarehe 4 Juni 1944. Adler ni jumba la nyota na sayari. Na 360 CHICAGO ni mnara wa pili wa kutazamia, ghorofa ya 94.

Kwa maoni yangu mnara mmoja unatosha. Mji ni uleule. Ukitaka wa pili, basi mmoja uende mchana na mwingine taa zikiwaka.

Hatua ya 2: Ondoa vya bure

Kwenye karatasi yako piga mstari kila kisicholipiwa, maana hakihitaji pasi. Lincoln Park Zoo ni bure kila siku ya mwaka, ina simba walio hai. Chicago Cultural Center ni bure. Inua macho uone kuba la vioo vya Tiffany. Millennium Park, na lile harage la chuma linalong'aa ambalo kila mtu hupigia picha, bure. Riverwalk kando ya mto, bure. Kutembea Navy Pier, gati la starehe ziwani, ni bure pia, na majira ya joto kuna fataki usiku wa Jumatano na Jumamosi.

Kisha angalia watu ulionao. Watoto chini ya miaka 14 wanaingia Art Institute bila kulipa. Mwenyeji wako akiwa mkazi wa Illinois, majumba mengi ya makumbusho yana siku zake za bure kwa wakazi, anaonyesha kitambulisho tu. Na ndugu zetu wenye kadi ya EBT (ya msaada wa chakula wa serikali), kuna mpango unaoitwa Museums for All ambao hushusha kiingilio hadi dola chache kwa familia. Uliza kwanza kama kadi ya jimbo lako inapokelewa. Ikipokelewa, pasi itupe kapuni, huna haja nayo.

Hatua ya 3: Piga hesabu, mtu mmoja mmoja

Fungua ukurasa wa kila sehemu iliyobaki, andika bei yake ya tarehe utakayokwenda. Sehemu nyingi hupandisha bei wikiendi na msimu wa wageni. Namba zifuatazo ni za kufundishia tu, weka za kwako:

Shedd 40, Skydeck 35, Field 30, Art Institute 32, nyambizi 26. Jumla dola 163. Pasi ya sehemu tano, tuseme 140. Umeokoa 23.

Sasa mambo yanaanza. Ukichoka ukaacha nyambizi, jumla ya milango minne ni 137, nawe umelipa 140. Kijana wako wa miaka 13, ambaye kwenye pasi huhesabiwa mtu mzima, Art Institute angeingia bure: kwake milango mitano ni 131, na pasi imemla dola 9. Ndiyo maana nasema mtu mmoja mmoja. Hakuna sheria inayosema familia nzima iwe na pasi ya aina moja. Baba na mama wanaweza kuwa na pasi, kijana akakatiwa tiketi za kawaida.

Angalia pia pasi inagharamia nini hasa. Nyingine ni kiingilio cha kawaida, nyingine zinaongeza onyesho maalumu. Ule mchezo wa kuinamishwa nje ya dirisha kule 360 CHICAGO, kwa mfano, una tiketi yake.

Hatua ya 4: Chagua kati ya kuhesabu siku na kuhesabu sehemu

Ukiwa na watoto, wazee, au mtu mwenye magoti yanayouma, chukua ya kuhesabu sehemu. Nimalize hapo? Hapana, nikuambie kwa nini.

Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mwingine, nilinunua pasi ya siku tatu. Siku ya kwanza tulienda sehemu nne. Siku ya pili nilikuwa nikimvuta mke wangu mkono kama anayekimbilia meli, na kwenye jumba la mwisho tulifika dakika ishirini kabla ya kufungwa. Tuliona ngazi, choo na duka la zawadi. Pasi ililipa, hesabu inasema hivyo. Ila mke wangu mpaka leo akisikia jina la mji ule anauliza, "Ule tuliokimbia?"

Pasi ya siku inamfaa kijana wa peke yake, mwenye siku moja au mbili, anayependa maboti na mabasi ya kutembeza watalii. Na jua kwamba siku kwenye pasi kwa kawaida ni siku ya kalenda, sio saa 24. Ukiianza saa tisa alasiri, siku nzima imekatwa.

Hatua ya 5: Gawa mji kwa pande

Chora duara nne kwenye karatasi.

Duara la kwanza, Museum Campus: Shedd, Field na Adler, zote ufukweni mwa Ziwa Michigan, umbali wa kutembea kutoka moja hadi nyingine. La pili, katikati ya mji, wanapoita Loop: Skydeck, Art Institute, Cultural Center, Millennium Park. La tatu, kaskazini: 360 CHICAGO, Navy Pier, Lincoln Park Zoo. La nne, kusini, Hyde Park: makumbusho ya nyambizi, peke yake, mbali na wenzake.

Siku moja, duara moja. Ndani ya duara, sehemu kubwa mbili na basi. Ya tatu iwe ndogo au ya bure. Field peke yake hula saa tatu, nne, ukiisoma vizuri.

Hatua ya 6: Tafuta siku zilizofungwa

Kwa miaka ya karibuni Art Institute hufungwa Jumanne na Jumatano, na Alhamisi hubaki wazi mpaka saa mbili usiku. Makumbusho ya nyambizi hufunga mapema, mara nyingi saa kumi alasiri. Thanksgiving (sikukuu yao ya Novemba) na Krismasi milango mingi haifunguliwi. Kagua kila sehemu kwa tarehe yako.

Tazama na matamasha. Jumapili ya Chicago Marathon, mwezi Oktoba, barabara za katikati hufungwa na hoteli hupanda bei. Lakini kama wewe ni Mkenya au Mtanzania na umeangukia wikiendi hiyo, nakushauri uache makumbusho usimame barabarani. Hapa ndipo Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alipokimbia saa 2 dakika 0 na sekunde 35 tarehe 8 Oktoba 2023. Hiyo ni bure pia.

Hatua ya 7: Nunua, kisha weka nafasi siku hiyohiyo

Nunua kwenye tovuti rasmi ya pasi yenyewe. Mtu wa WhatsApp anayeuza pasi kwa nusu bei "kwa sababu safari yake imevunjika" anakuuzia msimbo ambao ameshawauzia watu watano. Wa kwanza kufika mlangoni ndiye mwenye pasi.

Kununua hakujakupa nafasi ya kuingia. Hili rudia moyoni. Sehemu nyingi, hasa Shedd na Skydeck, zinataka uchague siku na saa hata kama una pasi, na saa nzuri za wikiendi ya Julai huisha mapema. Ukishalipa, fungua kiungo cha kila sehemu ndani ya pasi, weka nafasi, na piga picha ya skrini ya kila uthibitisho.

Na hapa ndipo Waswahili tunapoanguka, kwa hiyo soma polepole.

Tarehe za Marekani huanza na mwezi. 7/8 ni Julai 8, sio tarehe 7 Agosti. Familia moja niliyoijua iliweka nafasi ya 8/7 ikidhani ni Julai 8, wakafika mlangoni na watoto wanne, wakaambiwa waje baada ya mwezi. Siku nyingi utaokoka kwa sababu hakuna mwezi wa 13, lakini tarehe 1 hadi 12 ni mtego. Andika kwenye karatasi yako jina la mwezi kwa herufi.

Saa nazo: 9:00 AM ni saa tatu asubuhi yetu. 3:00 PM ni saa tisa alasiri. Mwenye simu yenye saa za kizungu na kichwa chenye saa za Kiswahili huchanganya zaidi anapokuwa na usingizi wa ndege. Shangazi aliambiwa "tutoke saa tatu" akajiandaa kwa 3:00. Na ukiwa bado nyumbani, kumbuka Chicago iko nyuma yetu kwa saa 8 majira ya joto na saa 9 majira ya baridi. Wewe ukiamka asubuhi Jumatano kununua, wao bado ni Jumanne usiku.

Hatua ya 8: Usafiri uwe tayari

Huhitaji gari. Katikati ya mji kuegesha gari kwa siku kunaweza kukugharimu karibu sawa na mlango mmoja wa makumbusho. Kutoka uwanja wa O'Hare panda treni ya Blue Line, kutoka Midway panda Orange Line, zote zinakufikisha Loop. Weka programu ya Ventra, ya kulipia nauli, kwenye simu au nunua kadi ya Ventra kwenye mashine kituoni. Kuna tiketi za siku moja, tatu na saba za kupanda treni na mabasi bila kuhesabu safari, na ile ya siku moja huhesabiwa saa 24 tangu kupanda mara ya kwanza. Tazama tofauti na pasi ya viingilio.

Skydeck, shuka Quincy. Museum Campus, panda basi namba 146, au shuka kituo cha Roosevelt utembee kama robo saa, ukipita chini ya barabara kubwa. Kwenda kwenye nyambizi, basi namba 6, au treni ya Metra Electric kutoka Millennium Station.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika mlango unapofunguliwa. Shedd ya saa tatu asubuhi na Shedd ya saa saba mchana ni majengo mawili tofauti. Kwenye ya kwanza unawaona samaki, kwenye ya pili unaona migongo ya watu.

Chaji simu usiku. Pandisha mwanga wa skrini kabla hujafika kwa mlinzi. Mkiwa wengi kwenye simu moja, mwenye simu awe wa mwisho kuingia, asitangulie akawaacha wenzake nje.

Chakula cha ndani ya makumbusho ni ghali na hakina ladha ya kukumbukwa. Sisi hubeba chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi, tukala kwenye nyasi za Museum Campus, ziwa mbele, majumba marefu kushoto. Usiku, mwenye hamu ya pilau apande mpaka Devon Avenue, maduka ya Wahindi na Wapakistani yamejipanga, na mengi yana nyama halali. Anayetafuta mahali pa kuswali katikati ya mji, Downtown Islamic Center iko State Street, hatua chache kutoka Art Institute.

Mfano wangu wa siku nne

Ndio ninaowapa wageni wanaokuja Alhamisi hadi Jumapili:

1. Alhamisi: Skydeck asubuhi, kisha Cultural Center na Millennium Park, pumziko hotelini, halafu Art Institute kuanzia saa kumi hadi usiku.
2. Ijumaa: Shedd mlango ukifunguliwa, chakula nyasini, Field kuanzia saa sita. Simba kwanza, SUE baadaye.
3. Jumamosi: hakuna pasi. Zoo ya Lincoln Park, ufuko, Navy Pier, fataki. Siku hii ndiyo akiba yako pia, mawingu yakiharibu Alhamisi.
4. Jumapili: nyambizi, kuanzia kufunguliwa hadi kufungwa.

Milango mitano, hakuna aliyekimbia. Na kwa pasi ya siku 9 iliyoanza Alhamisi, unayo mpaka Ijumaa ya wiki inayofuata, kwa hiyo atakayebaki kwa ndugu zake hana haraka.

Yakitokea haya

*Pasi haijaja kwenye barua pepe.* Angalia folda ya taka kwanza, kisha kagua kama uliandika anwani sawasawa. Kama benki imekata pesa na hakuna kitu, waandikie wauzaji ukiambatisha namba ya muamala. Usinunue tena kwa hasira, utajikuta na mbili.

*Kadi inakataliwa.* Mara nyingi ni benki yako, sio tovuti. Wengine hukwama kwenye kisanduku cha msimbo wa posta. Andika anwani ileile iliyo benki.

*Nafasi zimejaa.* Jaribu siku ya kazi, saa ya kwanza au saa mbili za mwisho. Tazama tena usiku wa kuamkia siku hiyo, maana watu huahirisha.

*Mawingu yamefunika mnara.* Simama chini, tazama juu. Kama wewe huioni ncha, wao pia hawakuoni. Tafuta kwenye uthibitisho wako kama nafasi inabadilishwa, omba kabla saa yako haijapita, na uende ile siku ya akiba.

*Mlinzi anasema msimbo umeshatumika.* Usibishane naye, yeye ana mashine tu. Nenda dirisha la tiketi na uthibitisho wa malipo. Mara nyingi imekuwa kwamba mtu mmoja wa familia ameonyesha tiketi ya mwenzake, na ya kwake bado nzima.

*Simu imezimika.* Ndiyo sababu ya zile picha za skrini kwenye simu ya pili, na ya kuchapa nakala moja ya karatasi kwa mzee asiye na simu ya kisasa. Shangazi alikataa kuiweka yake kwenye mkoba, akaifunga kwenye ncha ya khanga. Siku nne nzima yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa tayari mlangoni.